Namba Kumi na Nne

Sheria ya Kocha Hegland ilijulikana na kila mtu katika timu ya mpira wa kikapu ya wasichana ya chuo cha Decker Falls: anayewazawadia wapinzani pointi kwa uzembe atakimbia uwanja, kwenda na kurudi, mara kumi kwa kila pointi, kabla hajatia chakula kinywani. Haikumbagua mchezaji wala karani.

Emmett Brandvold, karani aliyeandika orodha ya timu, aliikumbuka pale king'ora cha meza ya wahesabu pointi kilipolia. Ilikuwa fainali ya vyuo vya kanda, sitini na moja kwa sitini na moja, zimesalia dakika mbili. Bingwa peke yake ndiye angekwenda mashindano ya taifa. Marit Kvale, aliye mwaka wa mwisho, ndiyo kwanza anatoka benchi, kifundo cha mguu kimefungwa bendeji.

"Jezi thelathini na mbili haimo daftarini," mwamuzi alisema. "Kvale ameandikwa kumi na nne. Faulo ya benchi, mitupo huru miwili."

Wapinzani walitumbukiza yote miwili. Kocha akaomba mapumziko, na nahodha Joelle hakungoja hata wakae.

"Emmett, umetuuza. Marit kakutema, ukaona utukomoe sote?"

"Sikukusudia, Joelle."

"Acha hizo. Majina kumi na mawili, ukosee namba yake tu?"

Ni kweli walikuwa wamekosana wiki tatu nyuma, Emmett alipomsihi Marit asicheze tena na mguu ule. Tangu hapo alipata ujumbe mmoja tu kutoka kwake: "Usinipigie mpaka fainali iishe. Nataka mtu anayeniamini."

Marit alimkazia macho. "Kumi na nne umeitoa wapi?"

Emmett angeweza kusingizia haraka, au mwandiko. Hakufanya hivyo.

"Ndiyo uliyovaa sekondari, siku nilipokuona mara ya kwanza. Niliandika orodha huku nakuwaza wewe, siyo jezi. Kosa ni langu, Kocha. Pointi mbili, mara ishirini. Nitakimbia."

"Utakimbia," Kocha alisema. "Marit, mguu vipi?"

"Unauma. Nipeni mpira."

Emmett alifungua kinywa, kisha akakifunga. "Mpeni," alisema.

Marit aliliona hilo.

Hakuna aliyefunga tena hadi sekunde tisa za mwisho. Hapo Marit alipenya kati ya mabeki wawili, akasukumwa, akaanguka, na mpira ukatumbukia. Akainuka kwa mguu mmoja kwenda kutupa mtupo wa nyongeza. Ukaingia. Sitini na nne kwa sitini na tatu.

Baada ya mabingwa kukata wavu wa goli kwa ukumbusho, kama ilivyo desturi, na watu kutawanyika, kijana mmoja alikuwa bado anakimbia, amevaa tai na viatu vya ngozi. Hakuna aliyemsimamia, alijihesabia mwenyewe, wala hakuruka hata safari moja. Joelle alimletea maji.

"Nilikutukana bure."

"Ningekuwa wewe, ningetukana zaidi."

Katika safari ya ishirini, Marit alimfuata akichechemea, kipande cha wavu mkononi.

"Mguu wako, Marit—"

"Umeanza tena?"

"Hapana. Twende."

Waliugusa ukuta pamoja. Marit akamfunga ule uzi wa wavu kifundoni mwa mkono.

Kocha Hegland, aliyekuwa mlangoni muda wote, akavaa koti lake.

"Ishirini. Umelipa. Haya, nendeni mkale."