Fimbo ya Thornhope

Jumamosi hiyo asubuhi Neville Thwaite alikuwa jikoni akisugua kibao cha tangazo la sabuni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Nje ilinyesha ile mvua ya Novemba ya Skelbeck, ya kunyunyiza tu lakini haikatiki. Mkewe, Sheila, alikuwa akipaka mkate siagi huku akinung'unika kwamba meza ni ya kulia chakula, si ya kulaza mabati ya marehemu.

"Bati hili limetuzidi umri mimi na wewe," Neville alisema.

"Na linakula nafasi kutuzidi."

Neville alikuwa fundi bomba mstaafu, na tangu astaafu hakuwa na ugonjwa mwingine ila huo. Banda lake nyuma ya nyumba lilijaa vibao vya enameli vya chai, kakao, tumbaku na wino, majina ya stesheni zilizokwisha kufa, taa za walinzi wa treni na kofia zenye beji. Nyuma ya banda, ng'ambo ya uzio, ndipo reli ya zamani ilipopita. Vyuma viling'olewa zamani, ikabaki njia ya majani ambayo watu huitumia kutembeza mbwa.

Mwisho wa njia hiyo, maili chache kupanda bonde, kuna Thornhope, na katika jengo la stesheni ya Thornhope aliishi Trevor Oldroyd. Alilinunua likiwa gofu akalirudisha kama lilivyokuwa, hadi saa ya ukutani. Yeye na Neville walikuwa chanda na pete kwa miaka thelathini. Walizunguka pamoja kwenye minada na mabanda ya wakulima, na walikuwa na sharti moja: ukiona kitu, humlipi mwenyewe kabla hujampigia mwenzako. Neville hakuwahi kulivunja, na aliamini Trevor naye hakuwahi.

Trevor aliingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, kama kawaida yake. Alikuwa amekonda. Mkononi alibeba kitu chembamba kilichofungwa kwa gazeti.

"Shemeji, hujambo," alimwambia Sheila, kisha akamgeukia Neville. "Nimekuletea zawadi."

Sheila aliacha kisu cha siagi hewani. Trevor alikuwa mkono wa birika, mtu wa kutoza rafiki zake hata nauli ya petroli.

"Leo jua litachomoza kaskazini," Sheila alisema.

Trevor hakucheka. Alifungua gazeti, na Neville akaacha kusugua. Ilikuwa fimbo ya chuma, fupi kiasi cha kushikika vizuri, upande mmoja umeungua mweusi, na kwenye bamba lake la shaba yamechongwa maneno: SKELBECK – THORNHOPE.

Hakuna mtu wa mabonde hayo asiyejua habari za fimbo hiyo. Reli ilikuwa ya njia moja, treni za kwenda na za kurudi zikitumia vyuma vilevile. Kwa hiyo fimbo ilikuwa moja tu. Dereva haondoki mpaka mtu wa ishara, yule mwongoza treni wa stesheni, ampe fimbo mkononi, na dereva asome jina kwa sauti ili wote wawili wasikie. Ukiwa nayo, njia ni yako peke yako, na ukifika mwisho unaikabidhi kwa mtu wa huko. Huna fimbo, huendi. Siku moja ya ukungu, enzi za babu zao, fimbo ilikuwa bado Thornhope, na mtu wa ishara wa Skelbeck alichoka kuingoja. Akamwambia dereva, rafiki yake wa kunywa naye kila Ijumaa, aende tu, njia ni nyeupe. Dereva alimwamini. Katikati ya bonde alikutana na treni iliyokuwa ikileta fimbo.

Dereva aliungulia humo, na baada ya ajali fimbo haikuonekana. Neville na Trevor walikuwa wameitafuta kwa miaka yote thelathini.

"Umeipata wapi?" Neville aliuliza.

"Usijali nimeipata wapi. Usiniambie niiweke mezani, ipokee mkononi. Soma jina. Tufanye kama walivyofanya wenyewe."

Neville aliipokea na kusoma kwa sauti, machozi yakimlengalenga. Trevor alivuta pumzi ndefu. Alikwenda kwenye sinki akanawa mikono kwa sabuni, mara mbili, akakataa chai na kuondoka akipiga mbinja.

Kesho yake wakati wa chai ya alasiri, Neville alikuwa bandani akiiangalia fimbo mahali alipoitundika. Ukungu ulikuwa umeteremka bondeni. Kibao cha kakao kikaanza kutetemeka ukutani. Kisha cha wino. Kisha vyote, bati likigonga mbao, kama treni inapita nyuma ya uzio.

Ikaingia harufu ya makaa ya mawe na ya sufu iliyolowa. Neville aligeuka.

Mlangoni palikuwa na mkono. Ulitokea upande wa nje, ukiwa katika shati la kazi lililorowa, kiganja wazi. Kiganja hakikuwa na ngozi.

"Fimbo, rafiki yangu," sauti ilinong'ona.

Alipopata nguvu ya kupiga kelele, mlangoni hapakuwa na kitu. Kizingiti kilikuwa kikavu.

Jumatatu mkono uliingia bandani mpaka begani. Jumanne vibao vilinyamaza, na badala yake sahani zikaanza kutetemeka kabatini mwa jikoni. Sheila alisema ni lori barabarani. Barabarani hapakuwa na lori. Neville aliona vidole vikipapasa fremu ya mlango wa nyuma, taratibu, kama kipofu anayetafuta kitasa. Alijaribu kuitupa fimbo mtoni. Aliporudi nyumbani ilikuwa imetundikwa mahali pake, inachuruzika maji.

Jumatano alikutana na Doreen, dada yake Trevor, akitoka dukani na mfuko wa viazi.

"Sijui umemfanyia nini kaka yangu," Doreen alisema, "lakini Mungu akubariki. Tangu Pasaka alikuwa analala kwenye kochi langu. Anaogopa nyumba yake mwenyewe, mtu mzima vile. Jumamosi karudi kwake anaimba."

"Tangu Pasaka?"

"Tangu alipotoka shambani kwa mjane mmoja, kununua sijui chuma gani."

Neville alisimama pale na mvua inamnyeshea. Pasaka. Miezi yote hiyo walikuwa wakionana kila wiki, na Trevor akimwuliza kwa uso mkavu kama kuna fununu zozote za fimbo. Hilo lilimchoma kabla hata hajafikiria lile la pili. Lile la pili lilikuwa kwamba Trevor alimkabidhi fimbo akijua kinachoifuata.

Aliendesha gari mpaka Thornhope. Trevor alifungua mlango nusu, mikono yote miwili mfukoni.

"Hukuja nayo?" ndilo neno lake la kwanza.

"Ipo nyumbani. Na yeye yupo."

Trevor alitazama chini.

"Ulijua," Neville alisema.

"Yule mjane alinifanyia hivyohivyo. Alinipa mkononi, akanisomesha jina. Nilidhani ni uzee. Ukishasoma, kwa yule dereva wewe ndiye mtu wa ishara. Anakuja kwako."

"Kwa nini hukumpa anachotaka?"

"Umeuona ule mkono, Neville. Wewe ungeusogelea?"

"Basi ukaona unitoe kafara mimi. Miaka thelathini, Trevor. Nilikubebea jeneza la mama yako."

Trevor alikuwa akilia sasa, lakini mikono haikutoka mfukoni.

"Ningempa nani mwingine?" alisema. "Niambie. Nani mwingine angeipokea mkononi mwangu bila kuuliza?"

Neville alirudi nyumbani akiendesha polepole kwa sababu barabara haikuonekana vizuri, na haukuwa ukungu. Alikuwa akilia kama mtoto. Katika maisha yake hakuwahi kujisikia mjinga kiasi hicho.

Alipoingia, ukungu ulikuwa umejaa bustanini. Sheila alikuwa amesimama katikati ya jikoni, na mezani, juu ya kitambaa cha maua, ilikuwepo fimbo. Neville alikuwa ameiacha bandani.

"Neville, umeshaanza kuniwekea na vyuma mezani?" Sheila alisema. "Hebu nipe hapa nikakutundikie. Imeandikwa nini, maana miwani sina..."

Alinyoosha mkono. Mkono wenye unga, wenye pete ya ndoa, ukingoja. Angeipokea na kulirudia jina akisomewa. Asingeuliza kwa nini. Sahani zilianza kugongana kabatini.

Ilikuwa rahisi hivyo. Neville aliona jinsi ilivyo rahisi, na akaona haya.

"Usiiguse," alisema. "Nenda juu. Funga mlango."

Sheila alimtazama usoni, akapanda ngazi.

Neville alichukua fimbo akatoka bustanini. Akapita banda. Akapita uzio. Alisimama kwenye majani ya njia ya reli. Hakuona kitu. Ardhi ilitetemeka. Ikaja harufu. Ukaja joto, joto kavu la tanuri, likimpiga usoni. Kisha mkono.

"Fimbo, rafiki yangu."

"Chukua," Neville alisema. Alifumba macho. "Samahani tumekuchelewesha."

Vidole viligusa vyake. Vilikuwa baridi. Fimbo ilimtoka mkononi, na karibu kabisa na sikio lake sauti ikasoma jina polepole, neno kwa neno, mpaka la mwisho.

"Thornhope."

Kitu kizito sana kilimpita. Majani yalilala, na tetemeko likapungua, likipanda bonde.

Neville alirudi jikoni. Alielewa vizuri treni inakwenda wapi, na nani anakaa katika stesheni ya mwisho. Simu ilikuwa ukutani, hatua chache tu. Aliweka birika motoni. Alingoja lichemke. Alikunywa kikombe chake chote cha chai, akakisuuza, ndipo akapiga.

Trevor alipokea mara moja. Nyuma ya sauti yake vibao vilikuwa vikigonga ukuta, vingi kwa pamoja.

"Neville? Neville, ni wewe? Kuna mtu mlangoni. Ananinyooshea... Neville, nifanye nini? Sema kitu, ndugu yangu."

Neville alisikiliza kidogo. Kisha akairudisha simu mahali pake kwa upole.

"Ulikuwa unampigia nani?" Sheila aliuliza kutoka ngazini.

"Trevor. Hakupokea."

Doreen ndiye aliyekwenda kumtazama, baada ya wiki nzima kupita bila habari za kaka yake. Mlango ulikuwa wazi, moto umezimika siku nyingi, na barafu nyembamba imeganda kwenye maji ya sinki. Trevor hakuwepo, wala hajaonekana mpaka leo. Mezani palikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kimejaa, chai imeganda juu kama kioo. Cha pili kilikuwa kimenyweka chote, kina vumbi la makaa chini, na Doreen alipokishika kilikuwa bado cha moto.