Pembe Isiyo ya Kupulizwa

Wilondja alipuliza chai yake ipoe, na mvuke haukutikisika.

Chibalonza, mkewe, alikuwa ng'ambo ya meza akimenya viazi, akaona. Mvuke ulipanda wima kana kwamba hakuna mtu mbele ya kikombe. Wilondja akavimbisha mashavu, akapuliza tena kwa nguvu. Mvuke ukaendelea na safari yake. Na kutoka kwenye pembe ya sebule, nyuma ya televisheni, ikasikika sauti fupi, nzito: vuuu.

"Umesikia?" Chibalonza akauliza.

"Honi ya lori huko barabarani," alisema Wilondja, akainywa chai na moto wake.

Barabarani hakukuwa na lori. Ilikuwa Agosti ya 2021, Sydney nzima imefungiwa ndani, na hapo Mount Druitt, mtaani kwao, helikopta ya polisi ilikuwa inazunguka juu ya mapaa mchana kutwa. Wao wawili hata mlangoni hawakuruhusiwa kutoka. Kwenye ghala la Wetherill Park alikoendesha foklifti Wilondja, mwenzake alikutwa na korona, basi mume na mke wakaambiwa wakae karantini. Binti yao Vanessa alikuwa amekwama hosteli ya chuo, Parramatta. Vipimo vyao vyote viwili vilirudi safi.

Nyuma ya televisheni palitundikwa pembe ya ng'ombe, nyeusi, ndefu kama mkono. Wilondja aliiokota kabla ya karantini, kwenye rundo la magodoro na viti vibovu ambavyo watu walikuwa wameweka kando ya barabara ili kaunsili ya mji ije ivizoe. Mdomo wake mpana ulikuwa umezibwa kwa nta ngumu. Alipoiona, moyo ulimruka. Kwao Fizi, kabla hawajahamia Sydney, babu yake alikuwa na pembe kama hiyo, ya kuitia watu msibani na mawindoni. Siku za kukaa bure zilipomzidi, aliikwangua ile nta, akatoa humo kitambaa cheusi na kitu kama nywele, akavitupa. Akaona haina tundu la kupulizia. Akachukua drili, akaitoboa ubavuni, kama ile ya babu. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, isilie. Akaitundika pembeni, akaachana nayo.

Baada ya ile chai, nyumba iliingia harufu ya pembe iliyochomwa. Chibalonza alisugua jiko, akaosha mapazia, harufu ikabaki. Wilondja alianza kuchoka. Akienda chooni alirudi ameshika ukuta. Walipiga simu, wakaja watu wa ambulensi wamevaa nguo za plastiki mwili mzima, wakampima hewa ya damuni, wakasema iko sawa, labda ni hofu tu, wakaondoka.

Mchana huohuo alijilaza kwenye kochi, na Chibalonza akakaa kando yake akimtazama, na alipokuwa akimtazama kifua cha mumewe kilishuka kikakaa palepale, kisipande, na kabla hajamtikisa ile sauti ikaanza kule pembeni, chini sana mwanzoni kama ng'ombe anayelalama zizi la mbali, ikapanda, ikajaza chumba, ikatetemesha vijiko kwenye kabati, na midomo ya Wilondja ikawa inageuka rangi, na sauti ikawa haikatiki, mpaka Chibalonza alipokurupuka akaziba tundu la ile pembe kwa kidole gumba na kukuta ndani mna joto, na unyevu, na upepo unaosukuma kidole chake kama ulimi.

Alikiondoa kidole kwa kelele. Wilondja akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

Kanisani kwao kulikuwa na mama mmoja wa Butembo, Mama Kyakimwa, ambaye baba yake alikuwa mganga. Habari hizo hakupenda kuzizungumza. Chibalonza alimpigia kwa video, akimnong'oneza kutoka jikoni.

"Nionyeshe," alisema Mama Kyakimwa. "Geuza. Geuza tena." Uso wake ukabadilika. "Ni nani alitoboa ile?"

"Baba Vanessa. Alifikiri ni ya kupuliza."

"Apana, mwanangu. Kuna pembe ya kupuliza. Kuna ya kuumikia damu mgonjwa, kuna ya kunywea pombe. Na kuna ya kufungia. Ya kufungia hawatoboe. Mtu alifunga kitu humo."

"Kitu gani, mama?"

"Chenye hakina pumzi yake." Akashusha sauti. "Sasa kiko na ya bwana yako. Yeyusha mishumaa. Mdomo mkubwa uzibe kwanza. Tundu ndogo, ungoja. Ikilia, pumzi ya bwana yako iko ndani ya pembe. Ikinyamaza, iko kwake. Mwambie avute pumzi, aishike, nawe uzibe. Ukiziba wakati inalia, utafunga mtu wako."

Chibalonza alifanya alivyoambiwa. Aliziba mdomo mpana kwa nta ya mishumaa, akapiga magoti mbele ya kochi, bonge la nta likimuunguza vidole.

"Vuta, Baba Vanessa. Shika hapo."

Wilondja akavuta, akashika, macho yamemtoka. Pembe ilikuwa kimya. Chibalonza akashusha nta juu ya tundu, na wakati huohuo kikohozi kikamponyoka mumewe, kimoja tu, na chini ya kidole chake pembe ikatoa mlio mdogo. Aliusikia vizuri. Lakini mkono wake ulikuwa umeshakandamiza, na woga ulikuwa mwingi, akaendelea kukandamiza.

Kimya. Wilondja akapepesa macho, akatabasamu. "Nimepona," alisema.

Na kweli alipona. Alisimama bila kushika ukuta, akala ugali wote na kuomba mwingine. Chibalonza alilia kwa furaha, akamshukuru Mungu. Pembe aliiweka chumbani, ndani ya begi.

Kesho yake asubuhi alimkuta sebuleni amevuta kiti hadi nyuma ya televisheni, amekaa akiitazama pembe ya ukuta ilikokuwa imetundikwa ile ya ng'ombe, uso karibu ugusane na rangi.

"Unafanya nini huko?"

"Nimezoea hapa," alisema, bila kugeuka.

Chibalonza alirudi chumbani polepole, akafunga mlango, akaitoa ile pembe, akaiweka sikioni. Mwanzoni kimya. Halafu, mbali sana, kama kutoka chini ya kisima, mtu akakohoa. Ni kikohozi alichokijua, cha miaka mingi ya kulala kitanda kimoja. Kisha sauti: "Chiba. Chiba, fungua, humu hamna hewa."

Alichukua mkasi, akauchomeka kwenye nta.

Mlango ukafunguka. Yule mwenye sura ya Wilondja alikuwa amesimama hapo, mikono yake inaning'inia.

"Weka chini, mama," alisema kwa upole. "Yeye amelala humo usiku mmoja tu. Mimi siwezi hata kuhesabu."

Akapiga hatua. Chibalonza alipiga kelele, akachimba, nta ikabanduka, na sauti ikatoka, ndefu kuliko zote. Yule mtu akaanguka kifudifudi kwenye zulia. Akalala. Kisha mgongo wake ukatikisika, na Wilondja akakohoa, akakohoa tena, akamshika mkewe kifundo cha mguu.

"Chiba," alisema.

Alimkumbatia, wakalia wote wawili pale chini. Baadaye Chibalonza akampigia Mama Kyakimwa kumwambia kwamba mumewe amerudi, ni yeye mwenyewe.

"Mungu asifiwe," alisema yule mama. Kisha: "Na ile kitu ingine? Uliifunga?"

Chibalonza aliitazama pembe sakafuni. Tundu lilikuwa wazi. Ndani yake mlikuwa na baridi.

Nje, kwenye maegesho, gari lisilo na mtu likapiga honi, ndefu, kama mtu ameikalia. La pili yake likaitikia. Kisha la ng'ambo ya barabara. Honi ziliteremka na mtaa mzima kuelekea stesheni, gari moja baada ya jingine, yote matupu.

"Nani huyo anaita?" Wilondja akanong'ona.

Chibalonza akamziba mdomo kwa kiganja. Kwenye jengo la mbele yao, mzee mmoja alifungua dirisha lake, akatoa kichwa nje ili asikie vizuri, akavuta pumzi.