Aliyechelewa Kushusha Glasi

Glasi zilinuka nywele zilizoungua. Bohdana aliziosha upya, akazikausha, akanusa. Nywele zilezile.

"Radim, umechoma nini humu?"

"Mimi? Uliza ile supu yako ya jana," mumewe alijibu.

Baa yao ya siri ilikuwa Praha, mji mkuu wa Ucheki, ndani ya duka la fundi saa. Unafungua kabati la nguo, unapenya kwenye makoti, unatokea mbele ya kaunta. Watu wazima wenye ndevu walipita humo kununua kokteli kwa bei ambayo baa ya ng'ambo ya barabara, yenye mlango wa kawaida, ingewauzia mbili. Usiwacheke. Mimi mwenyewe niliwahi kupotea kabatini humo nikatoka na skafu ya mtu.

Walipohamia, nyuma ya kaunta walikuta kioo kikubwa kilichopakwa rangi nyeusi. Radim aliikwangua kwa wembe Jumapili nzima. Alipomaliza alijimiminia kinywaji, akakigonganisha na kioo. "Tuwe wazima, mzee!" Na kwa kuwa watu wa kule hufundishwa tangu utotoni kwamba hugongi glasi na mtu bila kumtazama machoni, hata awe adui yako, alijitazama machoni sawasawa.

Akanywa. Akashusha glasi.

Yule wa kwenye kioo alichelewa kushusha yake.

"Uchovu tu," alimwambia mkewe.

Wiki hiyo akaanza kutafuna barafu. Bohdana alizizoea zile kelele, mpaka alipoona damu ikimchuruzika kidevuni na kugundua kwamba barafu ilikwisha zamani, na anachotafuna ni glasi. Kesho yake mteja alisema kinywaji ni kichungu. Radim akatabasamu, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakipigiza kwenye kaunta, akakiinua, akakipigiza tena, taratibu, kama mtu anayeponda limau. Mteja alitoroka kwa kutambaa, akaacha meno.

"Radim! Mume wangu, una nini?"

"Mumeo yumo ndani, anagonga," ilijibu sauti nzito isiyo yake. "Siku si nyingi ataacha kugonga."

Bohdana akampiga chupa ya kisogo, akamfunga kwa mpira wa bomba la bia, akampigia simu shangazi yake Rozárka. Huyu aliishi vilimani Moravia, na watu waliopatwa na pepo walipelekwa kwake awamiminie nta majini, asome kilichowaingia.

Alifika asubuhi, akatoka kabatini na kiango cha nguo kimemnasa kitambaa cha kichwa.

"Mlango wa watu mmeuficha. Kioo kilichofichwa mmekifunua. Nyie wa mjini mna akili kweli?"

"Shangazi, nisaidie kwanza, utanitukana baadaye."

Bibi akayeyusha nta, akajaza maji kopo la kutikisia kokteli, akalishika juu ya kichwa cha Radim na kumimina. Nta ikaganda sura ya mtu aliyeachama.

"Aliingia kwa macho," alinong'ona. "Atatoka kwa kunyimwa macho. Gonga naye glasi, unywe, huku unatazama viatu. Akilia, viatu. Akikubembeleza, viatu. Na mpaka jua litue, usitazamane na mtu glasi ikiwa mkononi."

"Sijawahi kufanya ufidhuli kama huo maishani."

"Leo utakuwa fidhuli, mwanangu."

Bohdana akainua glasi, akagonga ile aliyomshikiza mumewe, na palepale mpira ukakatika, harufu ya nywele ikajaa chumba kama moshi wa tanuri, mkono wa Radim ukamvaa shangazi, meno yakafunga kwenye kidole chake mpaka kikatoka, naye bibi badala ya kupiga kelele akawa anasema viatu, viatu, viatu, huku ile sauti nzito ikilainika, ikawa sauti ya Radim mwenyewe ikisihi, "Bohdanka, mpenzi, ni mimi, nitazame basi, nakufa," na Bohdana akalia, akatazama kamba za viatu, akanywa mpaka tone la mwisho.

Kioo kikapasuka kwa kutokea ndani.

"Bohdanka?" Sauti nyembamba, ya mgonjwa. "Mbona kinywani kuna damu?"

"Si yako, mpuuzi wewe! Ni ya shangazi!" Akamkumbatia, anacheka na kulia.

Shangazi alikuwa ameinamia sinki, anafunga mkono kwa kitambaa. Bohdana akamimina pombe ya plamu ya kumsafishia mumewe kinywa, na yake kidogo.

"Tuwe wazima, mke wangu," alisema Radim, akagonga.

Na Bohdana, kwa furaha, na kwa adabu ya maisha yake yote, akamtazama machoni.

Macho yalikuwa ya Radim kweli, ya kahawia, yamelowa. Ndani ya mboni alijiona mdogo, glasi mdomoni. Akashusha yake.

Yule wa ndani hakushusha.

"Viatu!" shangazi alipiga ukelele, akigeuka.

Bohdana akatabasamu. Mkono wake ulikuwa ukipapasa kaunta, unatafuta chuma cha kupasulia barafu.

"Mkeo yumo ndani," alimwambia Radim kwa upole. "Anagonga."