Mkono Uliopumzishwa Mno

Huda na mumewe Awadh wanatoka Mombasa. Wanaishi chumba kimoja huko International City, Dubai. Awadh huuza viungo dukani Al Ras. Huda huchora hina saluni. Siku moja aliteleza bafuni, akaangukia mkono wa kulia. Mfupa ukavunjika karibu na kifundo cha mkono.

Plasta ilikaa wiki sita. Ilipotolewa, daktari alimpa karatasi ya mazoezi. Awadh aliipokea kwa heshima zote. Akaitia ndani ya bahasha ya pasipoti na viza, maana karatasi ya hospitali ni kitu cha maana. Hakuna aliyeisoma.

Badala yake, alimfunga mkewe mkono kwa leso. Akamlisha, akamfunga vifungo. Huda akigusa kijiko tu, Awadh alishtuka. "Wacha! Utavunjika tena." Mume mwenye huruma hivyo ni adimu, lakini hapa alikosea kweli.

Wiki tatu zikapita. Vidole vikakakamaa. Madam wa saluni akapiga simu. Atamngoja Huda mpaka Idi Kubwa, miezi miwili tu, kisha ataajiri mchoraji mwingine. Viza ya Huda ilitoka saluni hiyo. Bila kazi, angerudi Mombasa peke yake. Alilia sana.

Jioni hiyo akaingia jirani yao Proscovia, dada kutoka Uganda. Kazi yake ni kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo katika kliniki. Alimkuta Awadh akimlisha mkewe wali.

"Shemeji, kwani yeye hana mikono?"

"Huu umevunjika, dada."

"Mfupa umeshaunga. Nionyesheni eksirei."

Awadh akatoa simu. Zilikuwa picha mbili, ya siku ya ajali na ya wiki iliyopita. Proscovia akazikuza.

"Tazameni mifupa ya vidole. Hapa ni myeupe. Hapa imefifia."

Huda akasogea karibu. "Lakini vidole havikuvunjika!"

"Havikuvunjika. Vilikosa kazi. Dada, mfupa uko hai. Kila siku mwili unabomoa kidogo na kujenga kidogo. Mkono ukifanya kazi, mwili unajua mfupa huu unahitajika, unaujenga. Mkono ukilala tu, mwili unabomoa zaidi kuliko unavyojenga."

Huda akatazama kiganja chake, mbele na nyuma. Miaka arobaini na mitano alitembea na mafundi ndani ya mkono, asijue!

"Subhanallah," akanong'ona. "Hata sasa hivi wanajenga?"

"Hata sasa hivi, ukiwapa kazi."

Awadh akainamisha kichwa. "Kumbe mimi ndiye niliyemdhoofisha."

"Ulimpenda, shemeji. Sasa mpende kwa kumwacha afanye. Daktari hakuwapa mazoezi?"

Awadh akaiendea bahasha kwa aibu. Karatasi ikasomwa. Kunja ngumi, fungua. Gusa kila kidole kwa kidole gumba. Pindua kiganja juu, chini. Finya sponji laini.

"Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku," alisema Proscovia. "Usibebe kitu kizito mpaka daktari aruhusu. Mkono ukivimba, ukiwa wa moto au maumivu yakizidi, nenda hospitali haraka. Kula dagaa, kunywa maziwa, ota jua la asubuhi. Tena mwombe daktari akupime nguvu ya mifupa yote. Na uwe na subira. Vidole vitalegea mapema, lakini mifupa inaweza kuchukua miezi mingi."

Leso ikafunguliwa. Siku ya kwanza Huda alishindwa kukunja ngumi hata nusu. Wiki ya pili alifua soksi. Wiki ya tano aliandika jina lake. Kila mara alisimama kuutazama mkono wake, akashangaa upya.

Wiki ya Idi ikafika. Saluni ilijaa. Madam akamketisha Huda mbele ya bibi harusi, akasimama nyuma yake. Ua la kwanza lilitetemeka kidogo. La pili likanyooka. Madam akaondoka kuhudumia wengine.

Mchana Awadh akapiga simu. "Mkono unauma?"

"Umechoka."

"Basi upumzishe, mke wangu."

Huda akacheka. "Nitaupumzisha, lakini si sasa. Mafundi wamo kazini."