Wimbo wa Kumsoma Mheshimiwa

Chausiku alikuwa fundi cherehani. Mguu wake ulikanyaga cherehani, mdomo wake uliimba. Aliimba tangu anapofungua kibaraza asubuhi hadi anapokusanya vitambaa jioni. Watu wa Mtaa wa Kwa Bi Tufaa, nje ya mji upande wa Temeke, walikwishamzoea.

Chausiku ndiye aliyeongoza Tufurahi, kikundi cha ngoma cha akina mama. Harusi ikiwapo mtaani, Tufurahi wapo. Mtoto akitolewa nje, Tufurahi wapo. Huvaa khanga za sare, hupiga matari na kigoma, na vumbi hupanda mpaka juu ya mabati. Nyimbo zote alizitunga yeye.

Alikuwa na sharti moja tu. Hakuimba jambo asilolijua. "Nikisema bibi harusi anajua kupika," alisema, "basi ujue nimekula mkononi mwake."

Siku moja mwenyekiti wa mtaa, Mzee Alfonsi, alipiga hodi kibarazani.

"Karibu mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kazi. Jumamosi ya wiki ijayo mbunge wetu, Mheshimiwa Deogratias, atakutana na wananchi pale uwanja wa shule. Wazee wamesema Tufurahi waimbe. Tunga wimbo mzuri. Mwambie mbunge ametufanyia nini."

Chausiku alifurahi. Hawakuwahi kuimba mbele ya mbunge. Siku ya mazoezi akawapa wenzake habari ile, naye akitegemea vigelegele. Hakuvipata.

"Mie simwimbii huyo," alisema Raudha.

Raudha ndiye mpiga kigoma wao. Ni mama lishe, na banda lake la chakula liko kando ya barabara kubwa, karibu na kituo cha basi. Akatoa simu yake. "Hebu sikilizeni."

Kwenye simu kulikuwa na video fupi. Mheshimiwa Deogratias alionekana bungeni, amesimama, anasema: "Wafanyabiashara hawa waondolewe barabarani." Video ikakatika hapo.

"Mmesikia?" Raudha aliuliza. "Anataka nivunjiwe banda langu, halafu mie nimpigie ngoma?"

"Video za simu nazo unaziamini?" alijibu Malak. Huyu ndiye mwenye sauti ya kuitikia. Ukoo wao umekuwa na duka pale mtaani tangu enzi za babu yao. "Mheshimiwa alikuja kumzika baba yangu. Alibeba jeneza begani. Alikaa na sie mpaka dua ikaisha. Mtu wa hivyo ana roho mbaya?"

"Kuzika ni kuzika, shoga. Mie nauliza, huko Dodoma anafanya nini?"

"Una wivu wewe!"

"Wivu wa nini? Wa msiba?"

Hapo Malak akaanza kulia. Raudha akachukua kigoma chake, akaondoka. Mazoezi yakafia hapo.

Siku zilizofuata wanawake hao walipishana njiani kama hawajuani. Raudha akaanza kununua chumvi duka la mbali. Malak akaacha kula maharage ya Raudha, ambayo alikuwa akiyapenda kuliko chakula chochote. Chausiku aliumia moyoni. Kikundi cha miaka mingi kilikuwa kinavunjika mbele ya macho yake.

Mume wake, Mfaume, alikuwa muuza nazi. Alimwona mkewe hajagusa sahani ya wali iliyo mbele yake.

"Mama Nunu, mbona unajitesa?" alisema. "Weka maneno matamu tu. Mbunge oyee, mbunge oyee, yaishe. Nani atakuuliza?"

"Nitajiuliza mwenyewe, Baba Nunu. Raudha anasema mbaya. Malak anasema mzuri. Mie sijui lolote."

Mfaume akamsogezea sahani. "Basi muulize Mwalimu Najat. Si ndiye anayefundisha habari za Bunge?"

Najat alikuwa mwalimu wa somo la uraia kwenye shule ya sekondari. Alipanga chumba nyumba ya pili. Kesho yake alikuja kupima gauni, na Chausiku akamweleza yote, huku pini ziko mdomoni.

Najat akacheka. "Toa pini kwanza, usije ukazimeza. Sasa nikuulize. Kazi ya mbunge ni nini?"

"Kutuletea maendeleo."

"Watu wengi husema hivyo. Lakini mbunge hana fedha za kujenga barabara. Kazi yake ni kutunga sheria, kuipitisha bajeti ya nchi, kuihoji Serikali, na kuwasemea watu wake. Kuzika ni utu. Ni jambo jema sana. Ila hata jirani anazika."

"Nitajuaje amesema nini? Mie Dodoma sijafika."

"Si lazima ufike. Kila neno linalosemwa bungeni huandikwa. Kumbukumbu hiyo inaitwa Hansard. Iko kwenye tovuti ya Bunge. Unaisoma hata kwa simu. Asiye na simu ya namna hiyo anaweza kusikiliza vikao redioni, au kwenda ofisi ya mbunge jimboni kuuliza. Huombi fadhila. Ni haki yako."

Chausiku akasimama na futi yake shingoni. "Basi tusome sasa hivi!"

"Hapana," alisema Najat. "Waite Raudha na Malak. Wasome wenyewe. Ukiwapelekea habari wewe, watasema umeegemea upande mmoja."

Chausiku alijua wawili wale wasingekubali kukaa pamoja. Kwa hiyo akamwambia kila mmoja peke yake aje Jumapili kujaribu sare mpya. Walipokutana mlangoni, kila mmoja akageuka kutaka kurudi. Lakini Mfaume alikuwa amekwishakaa nyuma yao, katikati ya njia, na birika la kahawa.

"Shemeji zangu, njia imejaa," alisema. "Piteni ndani, kahawa inapoa."

Wakaingia. Wakakaa mkekani, huyu huku, yule kule. Najat akafungua simu yake, akatafuta mjadala ule wa kwenye video. Akampa Raudha. "Soma wewe. Banda ni lako."

Raudha hakuwa msomaji wa haraka. Aliweka kidole chini ya kila neno. "Mheshimiwa Spika... wapo wanaosema wafanyabiashara hawa waondolewe barabarani." Akanyanyua uso. "Si ndiyo haya?"

"Endelea."

"Mimi nawauliza... waende wapi? Mama lishe huyu ana watoto. Nashauri kifungu hiki kibadilishwe. Mtu asiondolewe kabla ya kuonyeshwa eneo jingine lenye maji, choo na wateja."

Raudha akasoma mara ya pili. Kisha akajipiga paja, akacheka. "Loo! Wamemkata katikati kama kitambaa!"

"Nilisema mie!" Malak alipaza sauti. "Nilisema!"

"Na kura alipiga vipi?" Chausiku aliuliza.

"Hapo pana jambo la kujua," alisema Najat. "Mara nyingi Bunge huamua kwa sauti. Wanaokubali husema ndiyo, wanaokataa husema siyo. Spika husikia upande gani umeshinda. Kura ya mtu mmoja mmoja haionekani hapo. Lakini bajeti kuu ya nchi ni tofauti. Wabunge huitwa majina, kila mmoja hujibu mbele ya wote. Tazama hapa. Mheshimiwa wetu alijibu ndiyo. Kwa hiyo tunatazama vitu viwili. Kura, pale inapoonekana, na maneno yake."

"Mbona kila mbunge anasema 'naunga mkono hoja'?" Malak aliuliza. Alikuwa amekwishasogea karibu kusoma.

"Wengine husema hivyo, kisha wanakosoa dakika kumi nzima. Usiishie hapo. Soma yanayofuata."

Malak akamsogezea Najat simu. Kisha akasema, "Mwalimu, tafuta zahanati. Mkutano uliopita na wananchi, na redioni pia, Mheshimiwa alisema atasimama bungeni kudai wakunga. Mdogo wangu Maisa ni mjamzito. Pale zahanati mkunga ni mmoja, na usiku hayupo."

Wakatafuta. Wakapitia mijadala ya bajeti ya afya. Wakapitia maswali yote ya mbunge wao. Barabara, alisema. Maji, alisema. Mama lishe, alisema. Wakunga, hata neno moja hawakuliona.

Uso wa Malak ukashuka. Raudha angeweza kumcheka. Hakumcheka. Alimmiminia kahawa.

"Labda alisahau," Malak alisema polepole.

"Labda," alisema Najat. "Au labda alimfuata waziri pembeni. Hansard haioni ya pembeni. Ndiyo maana tunamuuliza kwanza. Hukumu baadaye."

Raudha akamtazama Malak. "Shoga, nilikukosea pale niliposema habari ya msiba. Nisamehe."

"Na mie nilikuita mwenye wivu. Yaishe." Malak akafuta macho. "Kesho niwekee maharage. Nina njaa ya wiki nzima."

Wote wakacheka. Chausiku akaanza kugonga kikombe kwa kijiko, taratibu. Wenzake walimjua. Wimbo ulikuwa unakuja.

Mzee Alfonsi aliposikia maneno ya wimbo huo, alishtuka. "Mwanangu, mgeni anaimbiwa maswali?"

"Mzee, hatumtukani. Tumemsifu kwa alichosema, tumemuuliza asichosema. Vyote tumesoma."

Mzee akajikuna kichwa. Lakini mguu wake ulikuwa umekwishaanza kufuata ngoma. "Haya," alisema. "Imbeni. Lakini niwekeni mbali na kipaza sauti."

Jumamosi uwanja ulijaa. Mheshimiwa Deogratias alikaa meza ya mbele. Raudha akapiga kigoma, Malak akaitikia, na sauti ya Chausiku ikapanda juu ya zote:

*Mheshimiwa karibu, uketi tukupokee,*
*Ya bungeni tumesoma, acha tukuelezee,*
*Mama lishe na kibanda, ulimtetea wee,*
*Kwa hilo twakushukuru, shangwe zetu upokee.*

Watu wakashangilia. Mbunge akatabasamu, akapunga mkono. Kisha ubeti wa pili ukaja:

*Zahanati ya mtaa, wakunga haba jamani,*
*Uliahidi kusema, ukifika mjengoni,*
*Tumefunua kurasa, neno lako hatuoni,*
*Twauliza kwa heshima, lilikwama jambo gani?*

Watu wote wakamgeukia mbunge. Mheshimiwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaanza kucheka, na watu wote wakacheka naye.

"Nimeimbiwa mara nyingi," alisema aliposimama. "Leo nimeimbiwa na watu walionisoma. Jibu langu ni hili. Niliandika barua wizarani, nikadhani inatosha. Haikutosha, na bungeni sikusema. Mna haki ya kuniuliza. Kikao kijacho nitauliza swali. Nisikilizeni."

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo vilisikika hadi sokoni.

Kikao kilipofika, kibaraza cha Chausiku kilijaa wanawake. Redio iliwekwa juu ya cherehani. Walipolisikia jina la mbunge wao, walishikana mikono. Aliuliza, "Je, ni lini Serikali itapeleka wakunga wa kutosha katika zahanati ya Mtaa wa Kwa Bi Tufaa?" Serikali ikajibu kwamba wataletwa. Najat akawaambia wasilale. Jibu nalo hufuatiliwa. Kwa hiyo Raudha na Malak wakawa wanakwenda pamoja ofisi ya mbunge, wanauliza imefika wapi, wanarudi kuwaeleza wenzao.

Hatimaye wakunga wawili wapya wakafika. Mmoja akapangiwa usiku.

Maisa alijifungua alfajiri moja, mtoto wa kike, mnene. Jua lilipopanda, Tufurahi walikuwa nje ya zahanati na khanga zao za sare. Raudha alisahau kigoma nyumbani, akapiga ndoo. Malak aliimba na kulia kwa wakati mmoja. Chausiku alitunga beti hapohapo, moja ya mama, moja ya mtoto, na moja ya mkunga.

Mkunga mwenyewe akatoka mlangoni, mkono kiunoni. "Jamani, taratibu! Mzazi analala!"

Dirisha likafunguliwa. "Silali!" Maisa alipaza sauti kutoka ndani. "Pigeni!"

Mkunga akatazama dirisha, akatazama ndoo. Kisha akaingia katikati ya wanawake na vazi lake jeupe, akacheza.