Upinde Unaomfaa Zein

Haya yote ni kweli tupu. Msimulizi wenu anaapa kwa ndevu zake, nazo ni chache, kwa hivyo hana za kuchezea. Pakipatikana humu neno moja la uongo, kahawa na halua ya baraza nzima ni juu yake.

Mwaka wa pili baada ya Uhuru, Kibokoni palikuwa na seremala jina lake Zein. Kazi yake ilikuwa milango. Mlango wa Zein ukishafungwa, hata harufu ya pilau ya jirani haipiti. Mkewe, Mwanaesha, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Kilichobaki ni akika, yaani mbuzi wa kumchinjia mtoto.

Basi ikatangazwa kuwa sikukuu ya Madaraka kutakuwa na mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, katika kiwanja cha Mbaraki. Mshindi atapewa beberu. Zein akasimama barazani, akasema mbele ya watu:

"Mbuzi wa akika ya mwanangu ni yule wa Mbaraki."

Muhdhar, muuza kahawa, akatua chini dele lake, birika la shaba. "Yakhe, wewe ushawahi kushika upinde?"

"Babu yangu alikuwa mwindaji."

"Na babu yangu mimi alikuwa nahodha. Mimi nikipanda feri natapika."

Watu wakacheka. Lakini neno likishatoka barazani halirudi. Zein akashika njia ya Majengo, kwa Mung'aro.

Mung'aro alikuwa Mgiriama, fundi wa pinde. Alikuwa hodari, na alijijua kuwa hodari. Pinde zake alizichonga kwa mti wa mkone, na upote, ile kamba ya kuvutia, aliusokota kwa kano za ng'ombe. Ungemwona akipitisha kidole juu ya mti, ungedhani anasoma.

Zein akazigonga pinde zote kwa kifundo cha kidole, kama agongavyo mbao za mlango. Akachagua ule mnene kuliko yote.

"Huo si wako," akasema Mung'aro. "Huo ni wa mtu mwenye shingo kama fahali."

"Mti mgumu ndio mti. Mimi ni seremala, bwana. Usinifundishe mti."

"Haya, seremala. Utarudi. Na mimi sihami."

Zein akaanza kujizoeza uani. Ili auvute ule upinde, ilimbidi kwanza auinue juu kama aombaye mvua, kisha aushushe huku akitetemeka mwili mzima. Mshale wa kwanza ulitoboa sufuria. Wa pili ulishona kanga ya Mwanaesha kwenye kamba ya nguo. Wa tatu haukuonekana tena. Siku chache baadaye, bega likavimba. Akashindwa hata kusukuma randa, na mlango wa watu ulikuwa unangoja.

Mwanaesha akamkanda kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa moto. "Mume wangu, twatayarisha akika ya mtoto au hitima yako?"

"Nitazoea tu."

"Kiatu wakipima kabla ya kukivaa. Kanzu waipima. Huo upinde uliupima kwa kitu gani?"

Zein akavuta kanzu kulifunika bega.

"Nenda ukamuulize Mung'aro. Akikucheka, mwache acheke. Kicheko hakivimbishi bega."

Zein akaenda, upinde kwapani, bega upande. Mung'aro alimwona tangu mbali.

"Karibu, seremala. Mlango umekushinda kufungua?"

"Umenishinda, ndugu yangu. Nifundishe."

Basi Mung'aro akamkalisha juu ya kigoda. "Subiri bega lipoe kabisa kabla ya kurusha tena. Leo tutajaribu kidogo tu, kwa upinde mwepesi." Akampa upinde mwembamba. "Elekeza mkono kwenye shabaha. Usiinue juu. Vuta polepole mpaka kidole kiguse pembe ya mdomo. Ukishindwa kuuvuta umekaa hivyo, upinde ni mzito kwako."

Zein akavuta. Ukaja.

"Sasa ushikilie. Soma ile sura yenu ya Kul-huwallahu, taratibu, moyoni. Mkono ukitikisika kabla hujamaliza, huo nao si wako."

Zein akasoma mpaka mwisho. Mkono ulikuwa umetulia kama boriti.

"Kumbe waweza," akasema Mung'aro. "Usiuachie upote bila mshale. Nguvu zitarudi kwenye mti, nao utapasuka. Urudishe polepole."

Kisha akaazima mizani ya ndoana kwa muuza samaki wa jirani. Akaitundika kwenye boriti, akaitia ndoana kwenye upote, akauvuta ule upinde mwembamba chini kwa kadiri ya mkono wa Zein. Mshale wa mizani ukasimama kwenye ratili thelathini na tano. Akaupima na ule mnene. Ratili sabini.

"Umeona? Ulikuwa ukivuta mara mbili ya uwezo wako."

"Lakini upinde mwepesi utaua nini, Mung'aro?"

"Mnyama hafi kwa unene wa upinde. Hufa kwa pale ulipoingia mshale, na ncha iwe kali. Upinde ukikushinda, utamjeruhi tu, akafie porini bila faida. Anza na mwepesi. Mwili ukizoea, ongeza kidogo kidogo. Mimi mwenyewe, bingwa, nilianza na wa kitoto."

Wakabadilishana pinde. Bega lilipopona, Zein akajizoeza kila asubuhi kabla ya kazi, mishale michache tu, akapumzika kabla hajachoka. Mwanaesha alitoka kuanika nguo bila hofu.

Sikukuu ikafika. Mbaraki kulijaa watu. Levi, kuli wa bandarini mwenye kifua kama kabati, alikuja na upinde ambao watu wawili hawakuweza kuupinda. Mishale yake ya mwanzo ilipiga vizuri sana. Kisha mikono ikachoka, akaanza kuinua upinde mbinguni, na mshale wa mwisho ukapita pembeni. Zein akapiga goti moja. Akavuta, kidole pembeni mwa mdomo. Akasoma moyoni. Akaachia. Mshale ukapasua dafu lililokuwa shabaha, maji yakaruka, yakaingia moja kwa moja kinywani mwa Mung'aro, aliyekuwa ameachama akijisifu.

"Dafu gani?"

Aliyeuliza ni Zein mwenyewe. Msimulizi hakujua kuwa yuko nyuma yake barazani, na fimbo yake ya uzeeni.

"Shabaha ilikuwa gunia la makumbi ya nazi," akasema Zein. "Tena makavu. Tangu lini makumbi yakatoa maji?"

Msimulizi akasema ratili zilikuwa kweli, na kigoda, na mizani, na bega.

"Hayo ni kweli," akasema Zein. "Na beberu nilimpata, na akika tulifanya, alhamdulillahi. Lakini dafu ni lako."

Baraza ikageuka kumtazama msimulizi. Muhdhar alikuwa ameshapanga vikombe. Msimulizi akavaa viatu kwenda kwa muuza halua. Naye hakwenda peke yake. Alifuatana na yule mtoto wa akika, sasa mtu mzima mwenye masharubu, kuhakikisha kwamba halua itakayopimwa inatosha watu wote.