Saa Kumi Baba Anachinja

"Na lile pale ndilo Tower Bridge. Nthambi! Unaangalia wapi?"

"Naangalia daraja."

"Daraja liko upande huu."

Nthambi akageuza shingo. Walikuwa wameketi ghorofa ya juu ya basi jekundu, kiti cha mbele kabisa, London yote iko chini ya miguu yao, na yeye hakuona daraja wala mto. Kichwani mwake mlikuwa na mbuzi tatu tu.

Mama yake, Phylis, alikuwa amempigia asubuhi kutoka Kitengela.

"Nthambi, mwiitu wakwa, binti yangu, mbuzi zimefika!"

"Mbuzi gani, mama?"

"Za ntheo! Mzee Sironka na wenzake wamezileta jana kutoka Kiserian. Zimenona hadi kutembea ni shida! Wanasema kijana wao amechoka kungoja. Baba yako anachinja leo saa kumi, wageni wakishafika. Wewe kula raha huko!"

Simu ikakatika. Phylis ni mtu wa kukata simu kabla hujasema kwaheri.

Sasa kama hujaoa kwa Wakamba, kama hawa wa kina Nthambi, wacha nikueleze. Unaweza kumvisha msichana pete, ukafunga harusi ya kanisa na keki ya ngazi saba, lakini bila mbuzi za ntheo hujaoa mtu. Na zikishachinjwa nyama ikaliwa kwa baba yake, basi, msichana ni wenu, hata kama wakati huo yuko London juu ya basi.

Ilikuwa Julai 2004. Shamba la maua alikofanya kazi Nthambi lilikuwa limemtuma huko wiki mbili, na simu ya kazi mkobani, akaone waridi zinavyouzwa. Hiyo Jumamosi ndiyo siku pekee aliyopewa kupumzika, na usiku anapanda ndege. Allan Sironka, mpenzi wake, aliyeondoka Kenya miaka minne nyuma, alikuwa ameahidi kumzungusha mjini kwa basi. Nthambi alikuja na swali moja tu: huyu mtu ananioa au hanioi? Na kumbe mbuzi zimejibu hata kabla ya chai! Akaamua kunyamaza. Mwache Allan aseme mwenyewe.

Saa nne Allan hajasema. Saa tano hajasema.

"Allan, wewe bado unapenda nyama ya mbuzi?"

"Mmaasai gani hapendi mbuzi? Ona, pale ndipo malkia anakaa."

"Na ukimpelekea mtu mbuzi, unapeleka ngapi?"

"Nimpelekee nani?"

"Mtu tu."

"Nthambi, uko sawa? Umekunywa maji?"

Ai! Huyu ama anajua kuigiza, ama hajui lolote.

Waliposhuka kubadilisha basi, simu ya Allan ikalia. Akasogea kando, akaanza kusema Kimaasai kwa sauti ya chini. Lakini Nthambi amelelewa Kitengela, na Kimaasai cha sokoni anakisikia. Alisikia "inkineji", yaani mbuzi. Akasikia pia "Kuntai", jina la kaka mkubwa wa Allan, mwenye duka la dawa za mifugo pale Kitengela. Basi anajua! Sasa mbona amerudi na uso umeanguka?

"Ni nani huyo?"

"Mzee. Ananisalimia tu."

"Na amesemaje?"

"Anasema... mvua haijanyesha."

Wakapanda basi lingine. Allan akaonyesha saa kubwa ya mnara, akaonyesha sanamu za simba, na Nthambi akazidi kuchanganyikiwa. Ilikuwa saa saba. Saa kumi ya Kitengela ni saa nane ya London, maana yake lisaa limoja limebaki kisu kishuke.

"Allan, nimechoka na majengo. Zile mbuzi ni zako?"

Mkono uliokuwa ukionyesha sanamu ukashuka polepole.

"Kumbe unajua?"

"Mama aliniambia asubuhi. Nangoja useme tangu saa tatu!"

"Si zangu, Nthambi. Ni za Kuntai."

"Kuntai amezipeleka kwa niaba yako."

"Hapana. Mzee amemposea Kuntai. Miaka minne anasikia pickup ya Kuntai inaenda kwenu kila Jumapili. Akaamua ni aibu mtoto wake kutembelea nyumba ya watu bila mbuzi. Mimi nimejua sasa hivi."

"Lakini nilimwambia mama ni mtoto wa Sironka!"

"Ulimwambia yupi?"

Baba yake Nthambi, Mzee Munguti, hakutaka kusikia habari za mchumba wa ng'ambo, kwa hivyo binti alikuwa ameyafupisha maneno. Jina hakutaja. Alidhani litakuja kutajwa na Allan mwenyewe.

"Basi mpigie baba yako sasa hivi! Mwambie msichana ni wako. Mbuzi ni hizo hizo, wabadilishe jina tu!"





"Nimwambie nini? Kenya mimi sirudi. Na huku siwezi kukuleta. Nilitaka kukuambia leo jioni, tukishakula."

"Miaka minne, Allan!"

"Niliogopa ungeniacha."

"Sasa mbona ulikuwa unamtuma Kuntai kila Jumapili? 'Allan anakusalimia, Allan anauliza hali.' Mama alipolazwa Kajiado ulimtuma akakaa naye siku tatu bila kwenda kwake!"

Allan akageuka.

"Mama yako alilazwa? Lini?"

Nthambi alimkumbuka Kuntai kwenye benchi la hospitali, amejifunga shuka, anasema, "Allan amesema nisitoke hapa." Allan hakusema kitu! Basi nani alisema? Hasira zikampanda, na hakujua azielekeze wapi: kwa huyu aliyenyamaza, au kwa yule aliyesema sana. Machozi yalikuwa yameshamtoka alipobonyeza namba.

"Kuntai, uko wapi?"

"Niko kwenu, kando ya mbuzi. Nthambi, nisamehe, si mimi nimezileta. Ni mzee. Nimejua leo asubuhi, na baba yako ananoa kisu."

"Nani alikutuma hospitali?"

Mbuzi mmoja akalia.

"Hakuna mtu."

"Na salamu za kila Jumapili?"

"Mwaka wa kwanza zilikuwa zake. Halafu zikaisha, na mimi niliona aibu kuja mikono mitupu."

"Umenidanganya miaka mitatu."

"Ndiyo."

"Na mbona hujamwambia baba azirudishe?"

"Nimeenda mara nne. Nikifika mlangoni mdomo unakataa. Sema wewe. Ukisema zirudi, nazirudisha Kiserian kwa miguu yangu na naeleza wazee mimi mwenyewe."

"Mpe baba simu."

Mzee Munguti alikuja akihema.

"Nthambi, maji yanachemka! Kuna nini?"

"Baba, usichinje."

"Ati nini? Nizirudishe? Watu wameshafika!"

"Usizirudishe pia. Zifunge, uzipe majani. Nafika kesho asubuhi."

"Wewe msichana, hata mimi umenichanganya!"

"Hata mimi, baba."

Akasimama akabonyeza kengele ya basi.

"Basi nikupeleke," Allan akasema. "Utapotea."

"Sitapotea. Niko na ramani, na tiketi ni ya siku nzima. Kaa salama, Allan."

Akashuka ngazi. Hakuna aliyemfuata.

Kesho yake asubuhi, pale uwanja wa ndege, Kuntai alikuwa amesimama na shati iliyopigwa pasi hadi inakaribia kuungua. Akachukua sanduku, akaliweka chini, akalichukua tena.

"Karibu nyumbani. Allan ana..."

"Kuntai!"

"Pole. Ni mazoea."

"Mimi nimechoka kupewa maneno ya mtu mwingine. Uko na yako?"

Watu walikuwa wakipita na matoroli yao. Kuntai akaliweka sanduku chini tena.

"Niko nayo. Nthambi, nataka kukuoa. Na hakuna aliyenituma."

Nthambi bado alikuwa na hasira naye, na alijua atakuwa nayo wiki kadhaa. Akatoa simu.

"Hallo, baba? Wageni wako wapi?"

"Wamelala hapa hapa! Wamekataa kwenda bila nyama!"

"Basi chinja. Tuko njiani."